Utani Uliovuka Matanga

Semina ilikuwa ya siku tatu. Nilirudi shuleni na karatasi nne za manila, daftari jipya lenye jalada gumu, na imani kwamba ugomvi wa watoto unaweza kumalizwa kwa maneno. Tulikuwa tumefundishwa namna ya kumsaidia mtoto ataje anavyojisikia, amsikilize mwenzake, na amwone anayeonewa kabla mambo hayajaharibika. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa malezi, kwa hiyo kazi ikawa yangu.

Shule yetu iko Makorora, mjini Tanga. Nyumba za kule zimebanana, ua mmoja familia nne au tano, na watoto huja darasani wamebeba magomvi ya uani: nani kamwaga maji machafu mlangoni kwa nani, mama gani kasemwa na mama gani. Kila Jumatano, kabla ya mapumziko, darasa la tano walisukuma madawati ukutani wakakaa sakafuni kwa duara. Katikati nilitandaza manila yenye sura nne nilizozichora mwenyewe: furaha, huzuni, hasira, hofu. Kila mtoto alikuja na kokoto moja kutoka uwanjani akaiweka juu ya sura inayofanana na moyo wake siku hiyo. Aliyeweka kwenye huzuni, hasira au hofu alisimama akaeleza sababu. Aliyeweka kwenye furaha hakuulizwa kitu.

Daftari lilikuwa la kuandika matukio. Nililipiga mistari kwa rula: siku, mahali, nani, alisema nini, alijibiwa nini, aina. Semina ilitupa aina nne, yaani kupigana, matusi, kunyang'anyana na kutengwa. Ya tano niliiongeza mwenyewe. Niliandika: utani.

Niliona nina sababu nzuri. Walimu waliotufundisha walitoka mbali na hawakulijua darasa langu, lenye Wadigo, Wabondei, Wazigua, Wasambaa, watoto wawili wa Kihindi wenye duka la vitambaa, na wajukuu wa watu walioletwa zamani kutoka bara kuja kukata mkonge. Kwetu mtu anaweza kukuita mwizi, mchawi na mlafi mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka, kwa kuwa kabila lake na lako ni watani. Mimi ni Mbondei. Katika chumba cha walimu nilikuwa nikitukanwa na mtani wangu kila asubuhi kabla ya chai, nami nikimrudishia, na siku akikosekana chai haikuwa na ladha. Sikutaka daftari langu liwaandike watoto kuwa waonevu kwa jambo ambalo wazee wao wanalifanya kwa mapenzi.

Darasa lile lilikuwa na msichana wa Kinyamwezi, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Babu yake alikuja Tanga kukata mkonge, na baba yake alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, mpaka mguu wa kushoto ulipoumia na kifua kikaanza kumsumbua. Wakahamia Makorora, chumba kimoja. Baba alimleta binti yake shuleni kila asubuhi, akiukokota ule mguu ndani ya buti la mpira, akikohoa kila baada ya hatua kadhaa. Kikohozi chake kilikuwa cha namna ya peke yake: viwili vifupi, kimya kidogo, kisha kirefu kinachoishia kama mluzi. Tulikisikia kabla hatujamwona.

"Mwalimu," aliniambia siku moja getini, "huyu asome tu. Mimi sitaki ashike mkonge, wala sitaki aoshe vyombo vya watu. Nikiwa sipo, mkumbuke."

Nilimjibu kama tunavyowajibu wazazi wote. Nilisema tuko pamoja.

Alifariki muhula wa pili ulipokuwa umeanza. Nilikwenda msibani kuwakilisha shule, na darasa la tano wakaja na nguo zao za shule, wasichana wenye shungi nyeupe wamekaa upande mmoja na wasio na shungi wamechanganyika nao. Familia ni Wakatoliki, na katekista alikuwa ameshamaliza sala zake uani tulipoona jambo ambalo wakubwa wote walikuwa wakilisubiri.

Jirani yao, bibi mmoja wa Kizigua, kabila la watani wa Wanyamwezi, alitoka chumbani amevaa buti za marehemu na kofia yake. Akaukokota mguu wa kushoto. Akakohoa: viwili vifupi, kimya, kirefu.

"Nani kala mihogo yangu?" akauliza kwa sauti nzito. "Nimekufa saa tatu tu mmeshamaliza sufuria! Na wewe mjane usilie sana, watu watadhani nilikuwa mume mwema."

Watu wakaangua kicheko. Mjane, ambaye tangu asubuhi alikuwa kama jiwe, alificha uso kwenye khanga na mabega yakatikisika, na alipouinua tukaona kweli anacheka huku machozi yanamtoka. Bibi akajilaza njiani mbele ya jeneza akasema haondoki mtu hapa mpaka aletewe kahawa na ugoro. Vikaletwa. Alipovipata akavua zile buti, akazipangusa, akamkabidhi mjane, na kwa siku zote za matanga ndiye aliyeosha masufuria.

Mjukuu wa bibi huyo alikuwa kiranja wa darasa la tano. Msichana mrefu, mchangamfu, hodari wa kuigiza. Alikuwa amesimama mbele kabisa akitazama, naye alicheka kwa haki kabisa, kama sisi.

Binti wa marehemu alirudi shuleni wiki iliyofuata, peke yake. Alipoingia getini, kiranja alikuwa uwanjani anasimamia wanaofagia. Akatupa ufagio, akaanza kuukokota mguu nyuma yake.

"Pisheni njia! Mnyamwezi anapita na baba'ake!" Kisha kile kikohozi. "Mwanangu, nisubiri, mguu umelala!"

"Mguu umelala, na mwenyewe kalala!" akaitikia mwingine kutoka kwenye ufagio wake.

Mimi nilikuwa mlangoni kwenye chumba cha walimu, kikombe mkononi. Nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka kwa sauti, maana aliigiza vizuri na nilimkumbuka marehemu akiwa hai. Kisha nikamwita yule binti, nikamshika bega.

"Mbona umenyamaza? Na wewe mjibu, si mtani wako huyo?"

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Nikaingia ndani nikaandika. Siku, Jumatatu. Mahali, uwanjani. Nani, kiranja na binti wa marehemu. Aina, utani. Pale penye "alijibiwa nini" nikapiga kistari kidogo.

Kuanzia hapo ikawa mchezo wa darasa. Wakipanga mstari asubuhi, mmoja nyuma yake anakohoa. Akiitwa ubaoni, miguu inaburuzwa chini ya madawati, shwaa, shwaa, mpaka afike. Akinyoosha mkono kujibu swali, mtu ananong'ona, "Marehemu ana jibu." Akienda kunywa maji wanamwambia, "Mtani, mnywee na mzee, kule aliko kuna joto." Mvulana mmoja aliyekuwa hana utani wowote na Wanyamwezi, wala na mtu mwingine, naye akajifunza kile kikohozi, na akakiweza kuliko kiranja.

Niliyaona mengi ya hayo. Nina jicho la kuona, na nina mazoea ya kuandika siku ileile kabla sijasahau, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Niliandika yote, kila moja kwenye mstari wake.

Jumatano katika duara, binti yule aliweka kokoto yake kwenye furaha. Jumatano iliyofuata, furaha. Na iliyofuata. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto amepokea msiba wake vizuri na kwamba vipindi vyetu vinasaidia. Wiki hizo hizo kiranja aliweka kokoto kwenye huzuni, akasimama akaeleza jinsi paka wao alivyokanyagwa na bodaboda, kwa ufasaha hata wenzake wakampigia makofi. Sikujiuliza kwa nini anayezika paka anasema na anayezika baba hasemi. Ni baadaye sana nilipoielewa kanuni niliyoiweka mwenyewe: sura ya furaha ndiyo pekee ambayo aliyeichagua hakulazimishwa kusimama mbele ya darasa zima.

Kisha akaanza kukosa. Siku moja, siku mbili, wiki nzima. Kwenye mahudhurio nikaandika mtoro, kama utaratibu unavyotaka, nikampelekea mama yake barua kwa mkono wa mtoto wa jirani.

Mama alifika asubuhi, amemshika binti kwa kifundo cha mkono. Yeye anauza maandazi na huondoka nyumbani kabla ya watoto kuamka. Tuliketi ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Anaaga, anavaa, anachukua mkoba," mama akasema. "Kumbe haji. Nimemkuta nyuma ya soko anawamenyea watu mihogo, kakaa kwenye gunia kama mama mtu mzima. Mwalimu, mimi nimeishiwa. Dada yangu wa ukoo ananiambia nimpe mtoto akamfanyie kazi za ndani, maana shule haitaki. Baba yake alikataa hilo mpaka anakufa. Sasa nifanyeje? Mchapeni, labda atasikia."

"Unakwenda sokoni kufanya nini?" mwalimu mkuu akamuuliza binti.

Kimya.

"Nani anakusumbua?"

Akanitazama mimi, mara moja, halafu akatazama chini.

"Utoro hatuulei hapa," mwalimu mkuu akasema, akainuka.

Vilikuwa viboko viwili, vya mkononi. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na madirisha yale hayana vioo, nyavu tu. Watoto waliotoka mapumziko walikuwa wamejazana nje wakichungulia. Binti alinyoosha mkono mwenyewe, akapokea kiboko cha kwanza, akapokea cha pili, uso haukubadilika.

Ndipo mtu dirishani akakohoa. Viwili vifupi, kimya kidogo, kisha kirefu kinachoishia kama mluzi.

Nje wakacheka. Mama aligeuka haraka na uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa. Hakugeuka kama anayemtafuta mtoto mtundu, aligeuka kama anayemtafuta mumewe. Alisimama hivyo, akitazama dirisha, mdomo wazi. Binti ambaye hakulia kwa fimbo akaketi sakafuni akaanza kulia, kilio cha kukwamakwama.

"Nani huyo?" mama akauliza. "Nani anafanya hivyo?"

Mwalimu mkuu alikuwa bado ameshika fimbo. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, limeandikwa kwa kalamu ya bluu, droo ya pili.

Nilimchukua binti chumba cha vitabu, nikafunga mlango, nikakaa chini naye. Nilimwuliza wanamfanyia nini, akaniambia, kwa mpangilio, bila kuongeza chumvi. Nilikuwa nikiyajua karibu yote. Nikamwuliza swali ambalo nalionea aibu mpaka leo.

"Kwa nini hukuwa ukiwajibu?"

Akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kusema.

"Niwajibu nini, mwalimu? Baba zao wapo."

Mchana, darasa lilipotoka, nilifungua daftari nikalisoma kutoka mwanzo. Mistari kumi na saba ilikuwa ya mtoto mmoja. Yote imeandikwa utani. Na kwenye safu ya "alijibiwa nini" kulikuwa na vistari vidogo kumi na saba, vimenyooka vizuri, nimevipiga mimi. Utani ni wa watu wawili, hilo nalijua tangu nikiwa mtoto. Mtani wangu wa chumba cha walimu angeshangaa kama siku moja tu ningenyamaza. Hapa mmoja alikuwa amenyamaza wiki saba, nami nilikuwa nikihesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Jioni ya siku ile nilikwenda kwa bibi. Alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mjukuu wangu kafanya nini?" Alijua mwalimu haji bure.

Nilimweleza. Aliacha kuchambua. Aliniuliza nirudie pale penye kikohozi.

"Kwani miye nilifanya nini pale?" akasema. "Nilivaa, nikawachekesha, nikapewa kahawa yangu, nikavua. Nikamwoshea mjane masufuria hadi kucha zikalainika. Matanga yakianuliwa na hayo yameanuliwa. Huyu mtoto kamtania nani? Yule hana hata ugoro wa kumpa." Kisha akanitazama vizuri. "Na weye mwalimu, ulikuwa wapi?"

Nikamwomba aje awaeleze watoto. Alikuja Jumatano, kipindi cha duara, amevaa baibui lake la kutokea. Niliwaambia watoto leo hatutaweka kokoto. Mahali pa yule binti palikuwa wazi. Mama yake alikuwa amesema binti hatakanyaga tena darasa lile.

Bibi hakukaa. Alieleza mtani ni nani, ana haki gani, na haki hiyo inaanza lini na kuisha lini, na kwamba anayecheka na mfiwa ndiye anayemchotea maji. Watoto walitulia kuliko nilivyowahi kuwaona. Kisha akamwita mjukuu wake katikati.

"Ulimchotea maji?"

"Hapana, bibi."

"Ulimsaidia hata kubeba madaftari?"

"Hapana."

"Basi nani alikwambia huo ni utani?"

Kiranja alikuwa analia sasa, ushungi umelowa kidevuni. Alitazama mlangoni, akatazama wenzake, kisha akaninyooshea kidole, si kwa ujeuri, bali kwa unyofu wa mtoto aliyeulizwa swali.

"Mwalimu alikuwa anacheka," akasema. "Alimwambia na yeye ajibu."

Watoto zaidi ya sitini walinigeukia. Nilikuwa nimewafundisha kwamba katika duara kila mtu husema ukweli na hakuna anayemkatiza mwenzake. Nikasema, "Ni kweli. Nilicheka." Bibi aliondoka bila kuniaga.

Nisiseme hakuna kilichobadilika. Kikohozi kilikoma siku ileile. Kiranja na wasichana wengine wawili walikwenda kumwomba radhi nyumbani, na mama akawapa maandazi, lakini binti hakutoka chumbani. Mimi nilikwenda mara tatu. Mara mbili alikuwa sokoni, mara ya tatu alinisalimia shikamoo, akasikiliza radhi yangu mpaka mwisho, akasema, "Asante, mwalimu," kama aliyerudishiwa kalamu. Nilimwuliza kama atarudi. Akasema angependa kusoma, ila si pale.

Njia ikapatikana. Mama yake mdogo, anayeishi Korogwe, alikubali kumchukua na kumwandikisha shule ya karibu naye. Mama mtu angebaki Makorora na maandazi yake. Kilichotakiwa ni fomu ya uhamisho, imejazwa na kupigwa mhuri, na ilitakiwa siku ileile, kwa sababu mama mdogo alikuwa amekuja kumchukua na asingeweza kurudi tena mpaka baada ya mavuno. Bila fomu, shule ya kule isingempokea. Ile kazi ya ndani kwa dada wa ukoo ilikuwa bado inamsubiri.

Niliijaza kwa mkono wangu. Nilipofika penye "sababu ya kuhama" nikaandika: Alionewa na wenzake kwa muda mrefu kwa kufiwa na baba, na walimu hawakuzuia.

Mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama. Wiki ile afisa elimu kata alikuwa ametuambia shule yetu itatembelewa na walimu wa kata nyingine waje kuona vipindi vya duara.

"Hii sipigi mhuri," akasema. Hakuwa na hasira. "Unaniandikia nini hapa? Watauliza, nani hakuzuia? Watakuita wewe kwanza. Andika kumfuata mzazi. Wote tunaandika hivyo." Akanipa fomu nyingine.

"Mzazi wake anabaki hapa."

"Basi usiandike. Akae." Akaweka mhuri kwenye droo, droo akaiacha wazi.

Nilitoka nje na fomu zote mbili. Mama alikuwa kwenye benchi la wageni. Mdogo wake, yule wa Korogwe, alikuwa pembeni, begi la nguo miguuni. Binti alikuwa amesimama ng'ambo ya geti, barabarani, hakutaka kuingia. Nilimweleza mama mambo yalivyo. Nilimwonyesha niliyoandika. Aliisoma polepole, midomo ikitembea, akafika mwisho, akairudia.

"Hii ndiyo kweli," akasema.

"Ndiyo."

"Na hii hawapigi mhuri."

"Hawapigi. Naweza kwenda kwa afisa elimu kata, nikaeleza. Itachukua siku."

Alimtazama mdogo wake, akatazama getini.

"Andika hiyo wanayotaka, mwalimu. Mtoto aende."

Nikaandika kumfuata mzazi, nikatia saini, mhuri ukapigwa. Ile ya kwanza mama aliniomba, nikampa. Alizikunja pamoja akazifunga kwenye pindo la khanga. Walipofika getini binti alipokea begi akalitwika kichwani, akauliza kitu. Mama akafungua pindo, akatoa karatasi moja akamwonyesha. Ni ipi, sikuweza kuona kutoka pale nilipokuwa.